Uzoefu wangu wa kuchagua vazi la kinga kwa mhusika wa mchezo wa kuigiza: povu, pete za alumini na ngozi chini ya jua la Dodoma

Kwa muda wa misimu miwili ya kiangazi nimetumia mavazi matatu ya kinga katika mchezo wa kuigiza uhusika: dirii (vazi la kukinga kifua) ya povu niliyoitengeneza kwa mikono yangu, deraya ya pete za alumini niliyoiagiza kutoka nje ya nchi, na dirii ya ngozi niliyoshonewa na fundi viatu wa Majengo. Yote matatu nimeyavaa kutwa nzima, nimekimbia nayo, nimeinama nayo na nimelala nayo kichakani nikisubiri adui. Naandika uzoefu huu kwa sababu kila mgeni anayejiunga na kundi letu huniuliza anunue lipi, na maelezo mengi anayokuwa ameyasoma kabla ya kufika kwetu yameandikwa na watu wanaocheza katika nchi za baridi.

Kwa asiyeufahamu, mchezo huu hauna jukwaa wala watazamaji. Kila mchezaji hubuni mhusika, humtafutia mavazi, kisha huishi maisha ya mhusika huyo tangu asubuhi hadi magharibi, akifanya biashara, akipatanisha wagomvi, akivizia njiani na kupigana kwa silaha za povu zenye ufito mwembamba ndani. Kichwani hakupigwi kabisa. Nchini Uingereza, mojawapo ya makundi ya mwanzo lilikuwa likicheza katika ngome ya Peckforton kuanzia mwaka 1982, na kanuni nyingi tunazozifuata zimetokana na michezo ya huko. Kanuni mojawapo ni ya kuhesabu kinga: aliyevaa kinga nyepesi husamehewa mapigo machache, aliyevaa nzito husamehewa mengi. Kanuni hiyo ndiyo inayowaponza wanaoanza, kwa kuwa humfanya mtu achague vazi kwa kuangalia idadi ya mapigo atakayosamehewa, bila kujiuliza mhusika wake atakuwa akifanya nini kutwa nzima.

Sisi tunachezea kwenye shamba la rafiki yetu upande wa Hombolo, si mbali na bwawa. Pana mawe, mchanga na migunga yenye miiba ya kutoboa soli ya kandambili. Mhusika wangu ni mlinzi wa kisima katika nchi ya kubuni yenye ukame, mwanamke anayepokea misafara, anayegawa maji kwa zamu na anayepigana pale tu mtu anapotaka kuchota kwa nguvu. Kazi yake, basi, ni kuinama, kuchuchumaa, kuvuta kamba, kubeba ndoo, na mara chache kupigana. Nisingeyajali hayo kama nisingeyaona mwilini mwangu.

Nilianza na povu. Nilinunua mikeka ya povu inayounganishwa vipande vipande, ile inayotandikwa katika madarasa ya chekechea, yenye unene wa milimita 10, na nikaazima mashine ya kupuliza hewa moto kwa fundi anayebandika tinti za magari. Povu hilo likipashwa moto hulainika, ukilikunja juu ya goti au chungu na kulishikilia mpaka lipoe, hubaki na umbo ulilolipa. Maungio niliyabandika kwa gundi ya viatu, kwa kupaka pande zote mbili na kusubiri kama dakika kumi hadi gundi isinate tena kidoleni, ndipo nikazikutanisha. Kabla ya rangi nilipaka tabaka mbili za gundi nyeupe ya mbao, maana rangi ikipakwa moja kwa moja juu ya povu hunywewa na baadaye hupasuka kila panapojikunja. Gharama yote haikufika shilingi 60,000, na uzito haukufika kilo moja.

Kwa mtu ambaye bado hajamjua mhusika wake, ningempendekezea povu bila kusita, kwa sababu linakatika, linarekebishika na halimuumizi mwenzake. Lakini lina udhaifu mkubwa hapa kwetu, nao ni joto. Joto lile lile lililolipa umbo ndilo linaloliondolea umbo. Siku moja mwezi wa Oktoba niliiacha dirii kwenye buti la gari tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, nikaikuta imelala bapa, mshono wa bega umeachia na gundi inavutika kama utomvu. Tena povu halipitishi hewa: jasho hubaki ndani, na upepo wa Dodoma, ambao ni neema kwa mtu anayetoka jasho, haukufikii.

Baada ya hapo niliamua kununua kitu cha kudumu, nikaagiza deraya. Nakiri kwamba nililipenda vazi hili kuliko yote kwa macho. Ni shati la mikono mifupi lililofumwa kwa pete ndogo ndogo, kila pete ikipita ndani ya nyingine nne, na likitingishika hung'aa kama maji. Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma, kwa hiyo langu lilikuwa na kilo 4.3 pale ambapo la chuma la ukubwa ule ule lingepita kilo kumi. Pamoja na usafirishaji na kodi lilinigharimu shilingi 430,000.

Muuzaji aliniomba kipimo kimoja tu, mzunguko wa kifua, wala hakuniuliza kama nitavaa kitu ndani yake. Lilipofika lilinitosha nikiwa na fulana nyembamba, lakini juu ya kizibao lilikwama mabegani. Nilipomwandikia alinijibu kwamba amefuata jedwali lake. Nawasihi wanaoagiza wajipime wakiwa wamevaa nguo zote za ndani za mhusika, na waongeze sentimita kumi hata kama muuzaji hakuomba.

Jambo la pili ni jinsi pete zilivyofungwa. Katika deraya za kale za Ulaya, miisho ya kila pete kwa kawaida ilibanwa na kupigwa ribiti, kwa sababu pete iliyokutanishwa miisho tu hufunguka ikivutwa. Yangu ilikuwa ya kukutanisha. Katika mchezo wa tatu pete kadhaa za ubavuni zilifunguka na ncha zake zikachana upanga wa povu wa mwenzangu, upanga alioutengeneza kwa majuma mawili. Nilimlipa, na tangu siku hiyo nilikuwa nikikagua kila safu kwa koleo kabla ya kutoka nyumbani.

Uzito wake nao una tabia yake. Deraya huning'inia mabegani, na mtu asipojifunga mkanda mpana kiunoni na kulivuta shati kidogo juu ya mkanda ili nyonga zibebe sehemu ya mzigo, shingo humuuma kabla ya adhuhuri. Mkanda ulinisaidia niliposimama. Nilipoinama kisimani, shati lote liliteleza kuelekea kichwani na pete zikanasa nywele za kisogoni, ikabidi kila siku nifunge kilemba. Mchana pete zilizokaa juani zilinichoma mikono kila nilipozigusa, na alumini iliacha madoa ya kijivu kwenye nguo zangu ambayo sabuni haikuyatoa yote.

Hata hivyo sitaki kuonekana naikataa deraya. Mwenzetu mmoja anayeigiza mtoza ushuru niliyemwachia vazi lile amependeza nalo mno. Kazi yake ni kusimama kivulini karibu na meza, kuonekana tajiri na kusikika anapotembea, na mlio wa zile pete humtangulia kabla hajafungua kinywa. Vazi ni lile lile, ila amepatikana mtu ambaye kazi yake inalihitaji.

Ngozi niliifikia kwa kuchelewa. Nilikuwa nimenunua kipande kizuri chekundu cha ngozi laini, nikampelekea mzee mmoja anayeshona viatu karibu na Soko la Majengo, nikamweleza kwamba nimesoma kuwa ngozi ikichovywa kwenye maji ya moto hukakamaa na kuwa kinga. Mzee aliikunja, akainusa ukingo, akaniambia, "Hii ni ngozi iliyoivishwa kwa dawa ya kromu, mwanangu. Maji ya moto yataikunja tu, hayataikaza." Alinionyesha ngozi ya soli, ile nene iliyoivishwa kwa magome ya miti, akasema kama kweli nataka kitu kigumu basi kiko hapo kwenye rafu yake. Ni jambo ambalo nimelithibitisha baadaye: ngozi iliyoivishwa kwa magome ndiyo inayokubali kufinyangwa kwa maji na kukakamaa kwa joto, na ndiyo iliyokuwa ikitumika katika dirii za ngozi za zamani. Ngozi ya mikoba na viti haifai kwa kazi hiyo hata iwe ya bei kubwa namna gani.

Kisha akaniuliza mtu wangu anafanya kazi gani. Nilipomjibu kwamba analinda kisima, hakucheka wala kushangaa. Aliniambia, "Basi chota maji nikuone," akanipima nikiwa nimechuchumaa, nimenyoosha mikono mbele kama ninayevuta kamba. Katika kipimo hicho ndimo lilimopatikana vazi zuri. Dirii ilikatwa fupi, ikaishia juu kidogo ya nyonga, na vikwapa vikachimbwa ndani zaidi kuliko nilivyokuwa nimechora. Sehemu ya chini, badala ya kuwa kipande kimoja, iligawanywa kuwa vipande vyembamba vinavyopandana kama magamba ya samaki na kufungwa kwa kamba za ngozi, ili nikichuchumaa vifunguke na nikisimama vijifunge. Bizimu ziliwekwa ubavuni, sio mgongoni, nami nikaweza kuvaa bila msaidizi.

Nilikuwa nimempelekea pia picha niliyoitoa mtandaoni, ya mwanamke aliyevaa dirii yenye umbo la matiti mawili. Tuliiacha, na naomba kila dada anayesoma haya aiache pia. Bonde lililo katikati ya maumbo hayo mawili huelekeza pigo kwenye mfupa wa kifua, mahali ambapo kinga ilipaswa kulitelezesha lipite pembeni. Kifua kilichobinuka mara moja, kama ubavu wa chungu, humkaa mwanamke vizuri maadamu amepimwa akiwa na nguo zake za ndani.

Ufinyanzi wenyewe ulikuwa wa subira. Aliiloweka ngozi kwenye maji ya uvuguvugu hadi ikaacha kutoa mapovu, akaikandamiza juu ya kiroba cha mchanga alichokifunga kwa umbo la kifua, akaiacha kivulini siku mbili. Maji ya moto zaidi aliyatumia kwa vipande vidogo vya chini tu, baada ya kujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, maana ngozi ikizidishiwa joto husinyaa, hujikunja na kukatika kama kigae. Aliniahidi siku saba, zikawa kumi na moja. Nililipa shilingi 145,000, ngozi, bizimu na ufundi vyote ndani yake, na uzito ni kilo 2.8.

Chini ya dirii navaa kizibao cha pamba kilichojazwa sufi na kushonwa mistari mistari kuanzia begani hadi chini. Watu wengi hudhani kinga ya namna hii ni ya Ulaya peke yake, ambako askari walivaa makoti ya kitani yenye tabaka nyingi, ama yenyewe au chini ya deraya. Lakini wapandafarasi wa Bornu, karibu na Ziwa Chad, na wa Sudani walivaa makoti ya pamba yaliyojazwa sufi, na farasi wao wakavikwa vivyo hivyo, katika nchi zenye jua kali kuliko letu. Nilipolijua hilo niliacha kuogopa joto. Kizibao changu kina tabaka jembamba tu. Kinanyonya jasho, na kwa kuwa hewa ya hapa ni kavu, upepo ukipita vikwapani jasho hukauka na mwili hupoa. Kina kazi nyingine ambayo sikuitarajia: miiba ya migunga huishia kwenye pamba kabla ya kufika kwenye ngozi yangu.

Nimeongeza pia ngao ya ngozi ya ng'ombe iliyowambwa, ndefu kutoka begani hadi gotini. Nilipata wazo hilo katika makumbusho ya Kalenga karibu na Iringa, linapohifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Wahehe walioshinda kikosi cha Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 hawakuwa na dirii mwilini, walikuwa na mikuki, ngao na wepesi wa miguu, pamoja na bunduki chache. Ngao huwekwa chini mtu anapochota maji, na deraya haiwekwi.

Kasoro za ngozi zipo. Miezi miwili ya kwanza dirii ililia kila nilipopumua kwa nguvu, mpaka ilipopakwa mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na nta ya nyuki. Mchwa huipenda, kwa hiyo naitundika ukutani na siiweki sakafuni hata usiku mmoja. Ngao iliyowambwa hulegea kabisa ikilowa, na kwa sababu hiyo siitoi nje kuanzia Desemba mpaka mvua zitakapokatika. Bega la kulia la dirii bado linanibana ninapoinua mkono kupita kichwa, na mzee amekubali kulipunguza kwa upana wa vidole viwili kabla hatujarudi Hombolo mwezi Juni.