Tochi ya urujuanimno ya nanomita 365: uzoefu wangu hapa Tabora

Mimi ni sonara Tabora mjini, na boraksi, ule unga mweupe wa kusaidia kulehemu, naishika kila siku. Tochi hii ya urujuanimno (UV), mwanga usioonekana vizuri kwa macho lakini unaofanya baadhi ya mawe yang'ae, niliiagiza mtandaoni kwa Sh65,000; nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga wake, ikaja kwa basi kutoka Dar pamoja na vipande viwili vya mawe: kolemanaiti ya Uturuki na uleksaiti ya mji wa Boron, kule California, Marekani. Yote ni madini ya boroni, ndugu wa boraksi yangu.

Kolemanaiti mchana haina mvuto, utadhani kipande cha shabu. Funga mlango, zima taa, imulike: inakuwa nyeupe yenye umanjano kwa mbali. Ukizima tochi inaendelea kung'aa kidogo, kisha inafifia. Hapo ndipo mafundi wa jirani walipoacha kazi zao wakaja kuchungulia. Uleksaiti inang'aa kihafifu zaidi, ila ina mchezo wake hata bila tochi. Ni jiwe la nyuzinyuzi, na langu limekatwa na kung'arishwa juu na chini. Liweke kwenye gazeti, maandishi yanapanda mpaka usoni mwa jiwe.

Boraksi yangu ya kopo nayo niliimulika. Kimya! Mng'ao wa mawe mengi hutokana na uchafu kidogo uliomo ndani ya fuwele, na ya kopo imeshasafishwa.

Kazini inanifaa kwa rubi, ambayo ikiwa na madini ya chuma machache hung'aa nyekundu kali. Lakini rubi ya maabara nayo hung'aa, tena mara nyingi kuipita ya asili. Anayekuambia tochi hii "inatambua rubi orijino" anakupiga changa la macho.

Msinunue zile za bei rahisi za nanomita 395. Zinamwaga zambarau nyingi mno, mng'ao wa jiwe unamezwa. Hii ina kioo cheusi mbele kinachozuia zambarau hiyo. Sasa kwa kuwa mwanga wake hauonekani vizuri, jicho halishtuki likajifumba, kwa hiyo nunua miwani ya kinga. Kwenye boksi haimo. (Ukimulika ukuta wa uani usiku, jiandae kuona nge wa kijani.)

Kichwa chake kinapata moto haraka, na chaja waliyoniletea ilikufa mapema. Muuzaji nimempigia, anasema "nitakucheki bosi". Nampa nyota nne. Ya tano aifuate akileta chaja.