Huduma ya kutambua eneo la mtumiaji kwa anwani ya IP: nchi naiamini, mji hapana

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za matangazo ya programu za simu. Kwa muda sasa nimekuwa nikilipia huduma inayopokea anwani ya IP ya mtumiaji (namba inayotambulisha muunganisho wake kwenye intaneti) na kurudisha nchi, mkoa, mji na mtandao alioingilia. Wauzaji wake wanapenda kuonyesha ramani iliyojaa vidoti. Mimi nilitaka kujua kila kidoti kimewekwa pale kwa ushahidi gani.

Kwa upande wa nchi sina malalamiko. Anwani hugawiwa na sajili tano za kanda, AFRINIC ya Afrika ikiwa mojawapo, na kumbukumbu zao huonyesha ni kampuni ipi imepewa fungu lipi. Huduma inanitajia pia aina ya muunganisho: data za simu, Wi-Fi ya nyumbani au kituo cha data. Hiyo peke yake imenilipa gharama yangu, maana mibofyo mingi inayotoka kwenye seva za kituo cha data si ya wateja, na bajeti ya tangazo haipaswi kuiendea.

Kwenye mji ndipo mambo yanapoharibika. Akiba kuu ya anwani za IPv4 (toleo la zamani la anwani za IP ambalo bado linatumika sana), ambazo jumla yake ni kama bilioni 4.3, iliisha Februari 2011, na kampuni za simu zikazidi kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache za pamoja. Mtu anaweza kuwa kijijini, mamia ya kilomita kutoka mjini, lakini data yake ikatokea kwenye intaneti kupitia lango la kampuni lililoko mji mkubwa. Ripoti itamhesabu huko. Nililinganisha majibu ya huduma na watumiaji walioruhusu programu isome GPS zao: kwa Wi-Fi yalikaribiana, kwa data za simu mji mmoja ulimeza mikoa mizima. Mteja aliyekuwa tayari kuhamishia fedha zake za matangazo kwenye mji huo alisitisha alipoona ulinganisho.

Msafiri naye ana lake. Akiwa nje ya nchi na laini yake ya kawaida, mara nyingi data zake hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani, hivyo anaonekana hajasafiri. Anayetumia VPN, yaani anayepitisha data zake kwenye seva ya mahali pengine, anaonekana alipochagua kuonekana.

Ninachokisifu sana ni safu ya nusukipenyo, inayosema jibu linaweza kukosea kwa kilomita ngapi. Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 2016, ilipofichuliwa kwamba anwani nyingi ambazo hifadhidata moja ya aina hii ilijua tu kuwa ziko Marekani zilikuwa zimewekwa kwenye nukta moja ya katikati ya nchi, na nukta hiyo ikaangukia shamba la watu huko Kansas. Wakazi wake walisumbuliwa miaka mingi na polisi na watu waliodhani wezi na matapeli wanaishi pale. Kwa hiyo inaniudhi kwamba dashibodi ya huduma yangu haionyeshi safu hii kabisa. Lazima uivute mwenyewe kupitia API, yaani njia ya programu moja kuomba data kwa nyingine. Anayesoma dashibodi tu anaona mji umeandikwa kwa uhakika uleule, iwe nusukipenyo ni kilomita 5 au 500.

Kuhusu faragha, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2016 kwamba hata anwani ya IP inayobadilikabadilika inaweza kuwa taarifa binafsi. Huduma hii inakubali anwani iliyofutwa kundi la mwisho la tarakimu, na majibu ya nchi hayajayumba. Natuma hivyo siku zote.

Mkataba nimeuhuisha, lakini kwa watumiaji wote ninategemea nchi na mtandao pekee. Ripoti za mji sasa nazitoa kwa watumiaji wa Wi-Fi tu, nusukipenyo ikiwa chini ya kilomita 50. Wengine wote nawaandika "mji haujulikani", hata kama orodha yao inakuwa ndefu kuliko mteja anavyopenda.