Bima ya simu: nimepewa simu iliyokwisha kufunguliwa

Sikatai, simu nimepewa. Naanza na hilo asije mtu akasema nawasingizia. Lakini niliyopewa siyo niliyoikatia bima, na neno nililoambiwa nilipoirudisha linaniwasha mpaka leo.

Simu niliinunua Unguja, maduka ya Darajani, kwa 620,000. Muuzaji akanishawishi nikate na bima, 7,500 kila mwezi: ikivunjika au ikiibiwa, "unapewa nyengine." Neno lake ndilo hilo, nyengine. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa tatu, maandishi madogo kama punje za mtama. Nikatia saini. Nimeshalipa miezi 11, simu ikanidondoka nikishuka gari Chake Chake na pikipiki ikapita juu yake.

Hapo nawapa haki yao. Nilijaza fomu, nikawatumia picha kwa simu ya mwanangu, na wiki mbili hazikutimia nikaitwa Unguja. Nikalipa 60,000 wanazokata kwa kila dai, simu ya zamani wakaichukua, ndiyo sharti lao. Nikapewa boksi, na plastiki yake juu. Nimerudi na boti ya Mkoani nimefurahi, kila aliyekaa karibu yangu namsifia bima.

Furaha haikufika Ijumaa. Alfajiri naitoa kwenye chaji imejaa, adhuhuri imezima. Na mie simu siichezei. Msimu wa karafuu wachumaji wangu wanapima jioni, pishi za kila mmoja naziandika daftarini, nazipiga picha nisije nikabishana na mtu, na wengi nawatumia malipo yao kwa simu hiyo hiyo. Jioni moja ilizima watu 12 wamesimama kibarazani wanangojea, mmoja ana mtoto mgongoni, na magharibi inaingia. Watu wamepanda mikarafuu tokea asubuhi, nawaambia warudi kesho kwa sababu ya simu! Sijawahi kumlaza mchumaji na jasho lake. Siku ile nimewalaza 12.

Nikaipeleka kwa fundi, na haikumchukua dakika tano. Skrubu mbili zimelika vichwa, gundi ya mgongoni ni ya mara ya pili, na ule mpira mwembamba unaozuia maji haupo. "Dada, hii kuna mtu ameshaifungua kabla yangu." Nikabonyeza *#06#, nikazilinganisha zile tarakimu 15 na za kwenye boksi. Hazifanani. Habari ya IMEI, hiyo namba ya utambulisho ya kila simu, naijua vyema, maana kaka yangu yake ilizimwa Juni 2016, pale TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozifungia simu bandia, na tokea siku ile hakuna simu inayoingia nyumbani kwetu bila kukaguliwa. Hii sikuikagua. Niliiamini kwa kuwa imetoka kwenye bima.

Basi nikarudi Unguja. Kijana wa dirishani hakuinua uso. Nikamwekea boksi na simu, nikamwonesha namba. Akasema mkataba unasema mteja atapewa simu mpya au iliyokarabatiwa, ya hadhi ile ile. Kweli imeandikwa, ukurasa wa tatu, mtoto wa kaka yangu alinisomea baadaye. Akanieleza pia kwamba kazi ya bima ni kukurudisha pale ulipokuwa kabla ya hasara, si kukutajirisha, kwa hivyo simu ya miezi 11 usiidai kama ya jana. Hilo nimelielewa na naliona ni haki. Ningeliambiwa siku ya kununua, kwa lugha yangu, nisingelikuwa na neno. Lakini kabla ya hasara mie nilikuwa na simu inayofika usiku na chaji yake. Wamenirudisha hapo?

Nikamwambia hivyo kijana yule. Ndiyo akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema: "Kwani mama, huko Pemba unaitumia kwa kazi gani kubwa?"

Na watu wapo kwenye foleni, wanasikia. Nikachukua boksi langu nikatoka. Sikumjibu, na sasa kila siku namjibu peke yangu jikoni.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba ukikaa mjini, karibu na ofisi yao, kata tu. Fundi alitaka 250,000 kubadilisha kioo, na mie jumla nilitoa 142,500, kwa hivyo hesabu inasimama. Nikitia nauli za boti za safari mbili na siku nilizoacha shamba, haisimami tena. Na hata ingelisimama! Ile simu yangu waliyoichukua itatiwa kioo, itatiwa kwenye boksi lenye namba nyengine, atapewa mtu aliyelipa 7,500 zake mwezi baada ya mwezi, labda wa Micheweni, labda wa Makunduchi, naye atafurahi ndani ya boti kama nilivyofurahi mie. La. Sikushauri, uwe wa mjini au wa shamba. Usikate.

Na kama umeshakata, usiondoke dirishani mpaka umebonyeza *#06# na kulinganisha na boksi, huyo kijana akitazama. Mkataba waambie wakusomee kwa Kiswahili, ukurasa wa tatu kwanza.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina ofisi yake Unguja. Barua nimeshaiandika, na boti ya Jumatatu naondoka. Simu nimeizima, nimeirudisha kwenye boksi lisilokuwa lake. Nikitoka TIRA nitapita pale dirishani, na daftari la pishi nimeshalitia mkobani, nimfungulie kijana aone kazi yenyewe.