Bio-Ken Watamu: mimi niliyekuwa nikikimbia hata mjusi

Jamani mimi si mtu wa nyoka kabisa. Nimekulia Kisauni, kwetu nyoka akionekana uani ni mayowe, panga, biashara imeisha. Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu aliponing'ang'ania likizo hii, "shangazi twende kwa nyoka", nilikubali nikijua nitakaa kivulini na simu yangu yeye azunguke na mtembezaji. Dakika kumi sikumaliza nikawa nimeinuka.

Bio-Ken ni shamba la nyoka, pako Watamu, ukishuka Gede unachukua tuktuk. Pameanzishwa 1980 na marehemu James Ashe na mkewe Sanda.

Sasa mimi niliwahi kuona onyesho la nyoka mahali pengine, sipataji, jamaa anamrusharusha bafe ili watu wapige makofi, nikadhani ule ndo ujuzi. Huyu kaka mshika nyoka wa Watamu kila kitu polepole mpaka unataka kumsukuma. Kwa koboko, kabla hajagusa kufuli alisimama kwanza akatafuta kichwa kiko wapi, mwenzake yuko nyuma yake, ndo akafungua, akapitisha ile fimbo ya chuma yenye ndoano chini ya kifua cha nyoka akamwinua, mkia kaushika kwa mkono mwingine tena kwa kulegeza, anaufuata nyoka anapoelekea, havutani naye. Nikamuuliza mbona hamkabi shingo kama kwenye video? Akasema shingo inashikwa siku ya kukamua sumu au kumtibu, siku nyingine ukimminya unampa tu sababu ya kugeuka. Na koboko akigeuka sumu yake inakwenda kwenye mishipa ya fahamu, unaishia kushindwa kupumua. (Kuna mgeni alikuwa anasema mamba mamba, ndo Kizungu cha koboko, kijana wetu akawa anatafuta kidimbwi!)

Bafe ndo alinitisha zaidi, maana amelala tu kama gogo, mnene, mvivu, unamdharau. Kumbe huyo ndo anauma watu wengi huku kwetu kwa sababu hakimbii, anakungoja umkanyage, na akiuma mguu unavimba nyama inaoza. Kaka alimwinua kwa ndoano mbili, mkono haukusogea karibu hata kidogo.

Halafu swila. Miwani ya plastiki ikavaliwa, sisi tukarudishwa nyuma ya kioo, na kioo chenyewe kina madoa madoa, nikajua mwenyewe ni ya nini. Kuna huyu swila mkubwa anayetema mate, zamani alihesabiwa tu kuwa rangi nyingine ya swila mwenye shingo nyeusi, mpaka 2007 wataalamu wakamtenga wakampa jina la huyo mzee Ashe, Naja ashei. Mmoja alikamuliwa hapo hapo 2004 akatoa mililita 6.2, yaani kijiko cha chai kinajaa na kumwagika. Akikutemea machoni ni maji mengi, osha osha osha, halafu hospitali.

Nilichokipenda hawafichi upande wa maumivu. Wana mfuko wa kugharamia dawa ya kutibu sumu kwa ajili ya walioumwa wasio na uwezo, na kijana wangu alielezwa bila kuzungushwa kwamba kufunga kamba, kuchanja wembe na lile jiwe jeusi la eti kunyonya sumu ni kupoteza muda, tulia, usitembeetembee, wahi hospitali. Mimi jiwe jeusi nyumbani ninalo kwenye kabati, aliniachia bibi. Nilinyamaza.

Bei ulizeni getini, viatu vya kufunika vidole na maji ya kunywa beba. Msigonge vioo. Mtoto mmoja aligonga, swila akasimama kafungua shingo, na sisi watu wazima wote tukaruka nyuma kasoro yule kaka, aliyebaki palepale mikono mfukoni anamsubiri ashuke. Alikaa hivyo kama dakika tano, wala hakutugeukia.

Nyota tano. Jiwe bado liko kabatini, sijajua nimwambieje mama.