Pampu ya sola ya bwawa la uani: mchana inachapa kazi, usiku inalala

Wadau wenye vibwawa uani, huu mrejesho wangu wa ile pampu ya sola inayoelea, ile ya duara yenye paneli juu na kichwa cha kurushia maji katikati, haina betri. Nimekaa nayo kiangazi mpaka mvua zikaja mpaka baridi, kwaiyo naiongelea misimu yote, sio yale ya "imefika leo nyota tano".

Kuiwasha hamna shughuli, unaiweka majini, jua likipiga inaanza yenyewe. Sauti ndo inauza hii kitu, yani ukivuta kiti pembeni jioni jioni kabla jua halijashuka unasikia maji tu, kereng'ende wanapita wanagusa maji kwa mkia wanataga mayai, ndege wanashuka kuoga pale kwenye kina kifupi. Na mbu nao inawasumbua, maana viluwiluwi wao wanapumulia juu ya maji, wengi kwa kimrija, na maji yakitikisika hawatulii, ila usijidanganye, kwenye kona zilizotulia nyuma ya majani bado watazaliana, na kwenye joto yai linakua mbu ndani ya kama wiki moja hivi. Samaki wadogo na wale watoto wa kereng'ende wanaoishi majini ndo wanamalizia kazi.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Kiangazi maji yakipata moto yanabeba oksijeni kidogo, kwenye nyuzi 20 yanaweza kushika kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 inashuka mpaka kama 7.5, na samaki kwenye joto ndo wanaihitaji zaidi. Mchana sio mbaya, mimea ya majini inatoa oksijeni na pampu nayo inarusha. Usiku mimea inaacha kutoa na yenyewe inabaki kuvuta tu, samaki wanavuta, majani yanayooza chini yanavuta, na pampu? Imelala. Kwaiyo saa inayohitajika kuliko zote, karibu na alfajiri, ndo haipo. Ukiamka mapema ukakuta samaki wamejazana juu midomo inafunguka na kufunga ujue ni hewa hiyo, sio njaa, usiwamwagie chakula maana kinachobaki kinaoza na kuzidisha balaa. Halafu kwenye boksi wameandika inaongeza hewa kwa samaki bila kusema ni mchana tu, mi hapo naona ujanja ujanja.

Mvua zikianza inakua ya kusuasua, wingu likipita inakata, likiondoka inaruka tena, inachekesha. Lakini bana kipindi hicho nani ana shida nayo, matone yenyewe yanatikisa maji vya kutosha, na usiku wa mvua za mwanzo vyura wakianza kuitana pale bwawani nani atakumbuka kama kuna pampu. Ila angalia sana pale inapovutia maji, watoto wa chura wananaswa, sponji waliyoiweka ni ndogo mno, zungushia wavu laini pampu nzima. Na udongo na mbolea ya bustani vikisombwa na mvua mpaka bwawani, jua likirudi tu maji yanageuka kijani na sponji inaziba, utaiosha mpaka uchoke.

Baridi sina la kusema sana, jua hafifu basi inatema vimaji vya kinyonge, ila maji ya baridi yanashika oksijeni vizuri na samaki wanapoa hata kula hawali sana, haina neno.

Kitu kingine inazurura. Upepo ukiisukuma mpaka ukingoni inarusha maji nje, na kibwawa kidogo jua kali tayari linakipunguza, kwaiyo ifunge kamba na jiwe ikae katikati. Na iwe mbali na mayungiyungi, hayapendi kabisa kumwagiwa maji juu ya majani.

Nyota tatu. Kama bwawa lako ni la mimea na vyura na kukaa unapunga upepo, chukua hii hii. Kama una samaki wengi tafuta yenye betri, na ikiwezekana paneli iwe pembeni kwa waya, paneli unaiweka juani na pampu inabaki kivulini. Ila kabla hujalipa uliza kabisa hiyo betri inaendesha pampu yenyewe au vitaa tu, na kwa masaa mangapi baada ya jua kuzama.