Chujio la damu kwenye operesheni ya moyo: tulililipia, haya ndo maoni yangu

Ndugu zangu wa Bukavu, najua wengi muko na mgonjwa wa moyo mwenye anangoja likelemba (muchango wa zamu) itimie ndo avuke Ruzizi aende Kigali apande ndege ya India, kwa hiyo naandika kuhusu hiki kitu kinaitwa CytoSorb, ni chujio la damu la kwenye operesheni, juu tulikikuta kwenye fakitire (bili) ya dada yangu, kimeandikwa mustari mumoja tu, bei inapita dola elfu moja, na hakuna mtu alikuwa ametueleza.

Dada alikuwa na valvu imeharibika, ile ya homa ya rumatiki ya utotoni. Operesheni ilipangwa mapema, haikuwa ya haraka na hakuwa na infeksheni kwenye moyo. Hiyo muishike juu ndo inabadilisha hesabu yote.

Kazi yake ni hivi. Moyo ukisimamishwa, damu inapita kwenye mashine yenye inafanya kazi ya moyo na mapafu, na ikigusa yale mipira ya plastiki kwa masaa mwili unaona ni kitu kigeni, unaanza kumwaga saitokini, zile protini zinaamsha inflamesheni, yaani mwili kuwaka na kuvimba ndani. Kwa wengine inapita bila shida, kwa wengine presha inashuka, mapafu yanajaa maji, figo zinalegea. Chujio linafungwa kwenye hiyo mashine ili linase hizo saitokini. Fundi wa mashine alinionyesha moja lenye halijafunguliwa: mutungi wa plastiki unaoona mpaka ndani, mililita 300, umejaa shanga nyeupe ndogo ndogo sana. Shanga zina vitundu visivyoonekana kwa macho, saitokini zinaingia zinanaswa humo, chembe za damu ni kubwa haziwezi kuingia, zinapita pembeni na kurudi mwilini. Huyo fundi Mungu amubariki, alijibu kila swali bila haraka.

Sasa, inasaidia? Ulaya inauzwa tangu 2011. Ujerumani walifanya utafiti unaitwa REMOVE kwa wagonjwa 288 wenye infeksheni ya valvu, yaani watu wenye inflamesheni kali kushinda dada yangu, matokeo yakatoka 2022: baadhi ya saitokini zilishuka kweli kwenye damu, lakini viungo vilichoka sawasawa na vya wenye hawakuwekewa, na vifo pia havikupungua. Kwangu hiyo ni nzito sana. Chujio linafanya kile linaahidi ndani ya damu na mugonjwa bado hapati nafuu zaidi! Dada alipona vizuri, tunashukuru, lakini siwezi kusema ni shanga zilimuponyesha.

Penye naona liko na faida ni kwa mutu aliyekuwa anakunywa tikagrelo, dawa ya kuzuia damu isigande, halafu inabidi apasuliwe haraka. Shanga zinanasa ile dawa, na tangu 2020 Ulaya wameruhusu litumike kwa hiyo kazi. Ila hazichagui, zinaweza kunasa hata antibiotiki, kwa hiyo daktari lazima aangalie dozi upya, na hili ndo swali nilikaa nalo sana juu hakuna aliyelitaja mpaka tulipouliza wenyewe.

Musichanganye na ultrafiltresheni, hiyo ni kitu kingine. Yenyewe inatoa maji ya ziada pamoja na vitu vidogo vidogo, na kwa watoto iko na maana kubwa kabisa juu mashine inazimua damu ya mwili mudogo. Ile inayofanywa mwisho wa operesheni ya mtoto ilianzia hospitali ya watoto ya Great Ormond Street kule London mwanzoni mwa miaka ya 1990, na imeenea. Kama ni mtoto wako, hiyo uiulize bila kuogopa.

Nyota ninazotoa, kati ya tano: ultrafiltresheni kwa watoto, tano. CytoSorb kwa operesheni ya haraka yenye tikagrelo, nne. Kwa valvu iliyopangwa kama ya dada, mbili, na nasema hivyo nikikumbuka mama wa Kadutu, hapa kwetu Bukavu, wanaouza mpaka usiku ili ile pesa ipatikane, wakati sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne ndo ingemulinda toka mwanzo. Opitali yoyote ikiwaletea proforma (makadirio ya bei), ombeni waandike kando ya huo mustari ni kwa sababu gani mugonjwa WENU analihitaji, na kama hakuna sababu waliondoe kabla hamujatuma pesa.