CO2 kwenye tangi la mimea lenye sampu: nunua nini kwanza, nini uachane nacho

Kuna hii stori inazunguka kwamba tangi la samaki na mimea ukishaliwekea sampu (lile tangi la pili la chini ambako maji yanashuka kuchujwa kisha pampu inayarudisha juu) usijisumbue na CO2, yaani kaboni dioksidi ya kulisha mimea, maana gesi yote inapotea. Inapotea kweli, ila sio yote, na mwizi sio sampu, ni yale maji yanavyoanguka. Mimina soda toka juu juu kwenye glasi uone povu linavyotoka, ndo hicho hicho kinatokea kwenye bomba la kushushia maji. Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya mtungi malizana na hilo bomba kwanza: mdomo wake uzame ndani ya maji ya sampu, weka valvu ubane taratibu mpaka bomba lijae maji tupu na liache kukoroma, halafu lazima uwe na bomba la pili la dharura pembeni, kwa sababu bomba lililojaa hivyo likizibwa na jani moja tu maji yanaishia sakafuni. Kile kimnara cha kudondoshea maji kwenye vimpira vya plastiki ondoa, kinafukuza gesi kuliko kitu chochote. Funika sampu kwa kioo au plastiki. Tangi lenyewe juu acha lipumue, samaki nao wanataka oksijeni.

Sasa vyanzo vya gesi, napanga kuanzia cha maana.

Namba moja ni mtungi wa kujaza tena pamoja na regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya gesi inayotoka) ya hatua mbili. Hapa sina mjadala. Gesi ndani ya mtungi iko kama kimiminika, kwenye nyuzi joto 20 presha ni kama bar 57, na inabaki hapo hapo siku zote mpaka kimiminika kiishe, ndo maana geji haikwambii kimebaki kiasi gani, ukitaka kujua weka mtungi kwenye mizani. Kikishaisha presha inaanza kushuka na hapo ndo regyuleta ya hatua moja inaweza kukuangusha, presha ya kutokea inapanda yenyewe, povu zinaongezeka wakati we umelala au uko kazini, ukirudi samaki wote wako juu wanahema. Ya hatua mbili haina hiyo tabia. Mtungi chukua mkubwa kadri kabati linavyoruhusu, tangi la sampu huwa ni kubwa na linakula gesi.

Namba mbili ni mtungi huo huo na regyuleta ya hatua moja. Inafaa, wengi wanaitumia miaka na miaka, mradi uwe mtu wa kupima uzito na kubadilisha mtungi kabla haujakauka. Kama unajijua ni msahaulifu rudi namba moja. Yoyote utakayochukua, iwe na valvu ya umeme ya kufunga gesi usiku na valvu ya sindano inayozunguka laini, sio ile ukigusa kidogo inaruka toka povu moja hadi kumi.

Namba tatu, chupa za asidi ya sitriki na bikaboneti. Ukipata chupa ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, gesi inatoka vizuri na unaweza kuifunga usiku, ila kwa tangi kubwa utakuwa unachanganya unga kila mara mpaka uchoke. Namba nne vile vimitungi vya kutupa, vya gramu 95: mtungi mmoja wa kilo 2 una gesi ya vimitungi kama 21, piga hesabu mwenyewe. Namba tano sukari na hamira, hiyo waachie wenye vitangi vidogo, haizimiki usiku na kila siku inatoa kiasi chake.

Zile chupa za "kaboni ya maji" hata sizipangi. Nyingi ni glutaraldehaidi, inaua mwani sawa, lakini haikupi zile miligramu 30 za CO2 kwa lita tunazozilenga, na mimea kama valisneria inaweza kuyeyuka kabisa.

Tukija kwenye kuyeyusha gesi, hapa sampu inakupa raha maana kila kitu kinafichwa chini. Cha kwanza riakta, lile bomba nene ambalo maji yanaingia juu yanashuka na povu linang'ang'ana kupanda mpaka linayeyuka, lilishe na pampu ya kurudisha maji. Cha pili ni kupeleka mpira wa gesi kwenye mdomo wa hiyo pampu, bei chee, ila pampu itakoroma na tangi litajaa ukungu wa vipovu. Cha tatu difyuza ya kauri, kile kisahani kinachopasua gesi kuwa vipovu vidogo, ndani ya tangi. Difyuza kuiweka wazi ndani ya sampu ni kutupa gesi.

Vitu vidogo msivipuuze: valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye regyuleta, mpira wa poliyurethani badala ya silikoni maana silikoni inavujisha gesi, na hakikisha nyuzi za skrubu za regyuleta zinalingana na za mtungi, za Marekani na Ulaya haziingiliani. Mtungi angalia tarehe ya kupimwa iliyogongwa shingoni, na usiulaze kamwe.

Kupima, kichupa cha kubadilisha rangi chenye maji ya dKH 4 (dKH ni kipimo cha ugumu wa kaboneti wa maji) kinatosha: bluu gesi ndogo, kijani karibu miligramu 30, njano punguza haraka. Kinachelewa saa moja mbili hivi, kwa hiyo hakikisha kwa pH. Acha maji ya tangi kwenye kikombe usiku kucha gesi itoke, upime, kisha pima tangi gesi ikiwa imekolea, ikishuka pH kwa 1 ujue CO2 imekuwa mara kumi. Gesi ianze saa moja au mbili kabla ya taa.

Ile mashine ya kuzima gesi kwa kufuata pH mimi naiweka mwisho kabisa, kipimo chake kinahitaji kusahihishwa mara kwa mara na kikipotoka inamwaga gesi bila habari. Hela hiyo nunua mtungi wa pili, ili mmoja ukienda kujazwa tangi lisikae bila gesi, maana gesi ya kupanda na kushuka ndo inaleta ule mwani mweusi wa kwenye kingo za majani.